Ardhi takatifu ya umma na uchimbaji wa madini

Wengi huamini kwamba ardhi ya umma iliyo takatifu kwa wenyeji wa asili wa Marekani haiwezi kuchimbwa madini. Sivyo: sheria ya uchimbaji madini ya mwaka 1872, ambayo ingali inatumika, huiacha sehemu kubwa ya ardhi ya serikali kuu wazi kwa wachimbaji mpaka itengwe rasmi, yaani ifungwe isichimbwe. Oak Flat, Arizona, ambako Waapache, mojawapo ya jamii za wenyeji hao, huwafanyia ibada wasichana waliovunja ungo, ilitengwa kwa amri ya serikali mwaka 1955. Lakini mwaka 2014 kifungu kilichopachikwa ndani ya sheria ndefu ya mambo ya ulinzi kiliidhinisha ikabidhiwe kampuni ya shaba kwa kubadilishana ardhi. Anayetaka kuhakiki kama ardhi fulani imelindwa asome waraka wenyewe ulioitenga: je, ni amri, ambayo serikali ijayo yaweza kuitengua, au ni sheria ya Bunge? Aangalie pia, na hapa ndipo wengi hupitiwa, kama haki za uchimbaji zilizokwisha kupatikana zimeachwa ziendelee.