Mapovu hayatoshi

Wapo wanaoamini kwamba mzamiaji hahitaji boya wala bendera: mapovu ya pumzi yake yanaonekana juu, na boti ikija ataisikia. Yote mawili si ya kutegemea.

Mapovu kwanza. Mzamiaji akiwa mita 20 chini, mapovu yake hayapandi wima; mkondo huyavuta, yakaibukia kando. Bahari ikiwa shwari kama sinia utayaona. Lakini upepo wa kusi ukivuma pale Mnemba, kisiwa kidogo karibu na Unguja, juu kote ni povu la mawimbi, nani atalitofautisha? Nahodha kakaa tezini, nyuma ya boti, kashika mashine; omo, yaani sehemu ya mbele, imenyanyuka mbele yake, jua linampiga usoni. Huyo hata kasa hamwoni.

Sauti nayo hukimbia majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, kwa hiyo hufika masikio yote mawili karibu kwa pamoja. Mashine utaisikia, inatokea upande gani, hutajua. Na ngalawa ya tanga haina hata hiyo mashine.

Wengine husema boti imeshatweka bendera ya buluu na nyeupe, inatosha. Ile ni ya chombo: huwataka wengine wapunguze mwendo na wakae mbali nacho. Katika mikondo ya Pemba, mzamiaji huenda ameshachukuliwa mbali. Boya lenye bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari ndilo linalomfuata aliko, kwa kamba anayoishika mkononi. Asijifunge nayo mwilini, maana boti ikiinasa lazima aweze kuiachia.