Kuingia darasani mtandaoni bado si kushiriki

Tangu shule na vyuo vya Uganda vilipofungwa Machi 2020 na masomo mengi yakahamia mtandaoni, neno "kushiriki" linatumika ovyo. Mhadhiri anaona majina 60 kwenye skrini, anasema leo mmeshiriki vizuri. Mwingine anaamuru kila mtu awashe kamera "ili ashiriki". Msimamizi wa kozi anatazama safu ya alama za vema na kuandika kwamba ushiriki umekamilika. Wote watatu wamepima mahudhurio.

Mwanafunzi anayeshiriki ni yule anayelifanyia somo kazi: analihoji, analieleza kwa maneno yake, analitumia kwenye swali jipya, analijadili na wenzake. Maana yenyewe ni hiyo. Ugumu uko kwenye kuutambua ushiriki ukiwa mbali naye.

Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni ambao vyuo vingi hutumia na ambao ndio msingi wa MUELE, jukwaa la masomo mtandaoni la Chuo Kikuu cha Makerere, unaweza kupangwa uweke alama ya "imekamilika" mara tu mwanafunzi anapofungua ukurasa. Aliyeifungua PDF ya kurasa 30 kwa sekunde nne anapata alama sawa na aliyeisoma jioni nzima. Mfumo hauna kosa hapo. Uliulizwa kama ukurasa umefunguliwa, ukajibu.

Kamera inapotosha zaidi, na kwa hili wanafunzi wetu wanaonewa. Kipindi cha vidio cha saa moja kinaweza kula nusu gigabaiti au zaidi, ilhali sauti peke yake hula sehemu ndogo sana ya hiyo. Mtu aliye Kasese au Arua, anayesoma kwa bando la simu, akizima kamera anafanya hesabu ya busara ili afike mwisho wa kipindi. Huenda ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote. Aliyewasha kamera naye huenda anajibu jumbe za WhatsApp huku akitikisa kichwa.

Mwaka 2014 watafiti Michelene Chi na Ruth Wylie walipanga yale ambayo mwanafunzi hufanya katika ngazi nne. Chini kabisa yuko anayepokea tu: anasikiliza, anatazama. Juu yake yuko anayegusa kilichopo, kwa mfano kupigia mstari au kunakili. Wa tatu anazalisha kitu ambacho hakikuwamo kwenye somo, kama maelezo yake mwenyewe au swali. Wa nne anazalisha hivyo pamoja na mwenzake, kila mmoja akijenga juu ya hoja ya mwingine. Kunakili slaidi neno kwa neno huchosha mkono, na ndiyo maana wengi huamini wamefika mbali. Kumbe wako ngazi ya pili.

Kurudia kutazama vidio kunadanganya vilevile. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la 2006, baada ya dakika tano waliosoma tena kifungu walikumbuka asilimia 81, na waliojipima bila kutazama wakakumbuka 75. Baada ya wiki moja mizani iligeuka: 42 kwa 56. Kwa hiyo simamisha vidio kila baada ya dakika kumi hivi, ifunike, andika sentensi tatu kutoka kichwani, kisha rudi uone ulichokosea. Siku mbili baadaye jaribu tena kabla hujafungua daftari. Hapo huhitaji hata intaneti.

Kwenye jukwaa la mjadala tofauti huonekana waziwazi. "Nakubaliana na mwenzangu, asante kwa mchango mzuri" huhesabiwa kuwa mchango, lakini hakuna wa kuujibu. Linganisha na huu: "Somo linasema bei ikipanda watu hupunguza kununua. Mbona nyumbani chumvi tunanunua kiasi kilekile hata ikipanda, lakini matoke tunapunguza?" Swali hilo limelishika somo na kulivuta hadi jikoni, na anayejibu atalazimika kufikiri. Liandike kwanza nje ya mtandao ili umeme au bando likikatika usilipoteze, kisha liweke mapema. Likiwekwa saa moja kabla ya mwisho, hakuna atakayepata nafasi ya kulijibu, na mjadala utageuka rundo la kauli zisizosikilizana.

Basi, wahadhiri na wasimamizi wapendwa, mnapojaza ripoti, walioingia waandikeni chini ya "waliohudhuria". Ni takwimu halali na ina kazi yake. Safu ya "walioshiriki" ibakizeni kwa waliouliza, waliojibu na waliosahihisha kazi zao, hata kama idadi yao itakuwa ndogo na kamera zao zilikuwa zimezimwa.