Homa ya Mtoto na Kuota kwa Meno

Katika familia nyingi za Mtwara na Lindi, mtoto wa miezi sita au saba akichemka mwili husemwa kwamba ni homa ya meno, nayo itaisha jino likitokeza. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka, kwa kuwa meno ya kwanza huanza kuota karibu na umri uleule ambao kinga aliyoipata kwa mama kabla ya kuzaliwa imepungua, na mtoto ameanza kutia kila kitu mdomoni; homa na jino hukutana kwa wakati, bila kimoja kusababisha kingine.

Kuota meno huleta udenda, maumivu ya fizi na pengine joto kupanda kidogo tu. Kipimajoto cha kwapani kikionyesha nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa ya kutafutiwa sababu, na katika ukanda huu wenye malaria sababu haijulikani kwa kugusa paji la uso. Zahanati hupima tone la damu ya kidole na kutoa jibu katika muda wa nusu saa hivi. Mzazi anaweza pia kuandika tarehe ya kila homa na ya kila jino, kisha alinganishe: meno 20 ya utoto huota kwa takriban miaka miwili, hivyo ugonjwa wowote wa kipindi hicho hukuta jino njiani.

Parasetamoli, kwa kipimo kinacholingana na uzito, hupunguza joto lakini haitibu malaria. Mwenye homa aliye chini ya miezi mitatu, au mtoto yeyote anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea mno au aliyepata degedege, apelekwe kituo cha afya mara moja.