Elinor, Marianne na Hesabu ya Pauni

Kila nikifundisha Sense and Sensibility, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1811, wanafunzi huja na jibu mkononi: Elinor ni akili, mdogo wake Marianne ni moyo. Nami huwaambia waliweke kando kwanza, tupige hesabu.

Baba yao akifa, Norland, nyumba na mashamba yake huko Sussex, inakwenda kwa John, mwanawe wa mke wa kwanza. Mjane na binti zake watatu wanabakiwa na pauni 10,000, zinazowaingizia kama 500 kwa mwaka. Si ufukara, bado wana watumishi. Lakini huko mali ilitoka kwa mwanamke kwenda kwa mume, kinyume cha mahari tuijuayo, na msichana mwenye fungu dogo hakuwa na wa kumgombea. John alimwahidi baba yake aliyekuwa akikata roho kwamba atawatunza, akapanga kutoa pauni 3,000. Karibu sura ya pili yote ni mkewe, Fanny, akizipunguza kidogo kidogo, hadi msaada unakuwa kuwahamishia vyombo na kuwapelekea samaki na nyama ya mawindo msimu ukifika. Wifi huyo hapandishi sauti hata mara moja! Mimi huisoma darasani kwa sauti, na kila mara kicheko hugeuka hasira.

Sasa nendeni sura ya 17. Marianne anadai utajiri hauhusiani na furaha, yeye anataka mapato ya kutosha tu. Kiasi gani? Pauni 1,800 au 2,000 kwa mwaka: watumishi, gari la farasi, pengine mawili, na farasi wa kuwindia. Elinor anacheka, maana kwake 1,000 tayari ni utajiri.

Wala msidhani Elinor hana moyo. Anampenda Edward, ndugu yake Fanny, kisha msichana aitwaye Lucy Steele anamnong'oneza kuwa yeye na Edward ni wachumba wa siri. Miezi minne anaibeba siri hiyo peke yake, huku akimbembeleza Marianne anayemlilia Willoughby, kijana aliyempenda akamwacha.

Willoughby anaoa mwanamke wa pauni 50,000. Elinor na Edward, baada ya Lucy kuolewa na mwingine, wanajikuta na 350 kwa mwaka, na mapenzi yao yote hayawatoshi kuthubutu mpaka mama yake Edward atoe 10,000. Marianne anaolewa na Kanali Brandon, ambaye mapato yake kwa mwaka ni pauni 2,000.