Jasho Si Kipimo: Maswali ya Wenye Uzito Mkubwa Wanaoanza Mazoezi

Kila ikifika Juni, baridi ya Mbeya ikishakaa sawasawa, wagonjwa wa kliniki ya presha na sukari huanza kuja na mtindo uleule: sweta mbili, koti juu, na ukimwomba afungue vifungo umpime presha unakuta nailoni imezungushwa tumboni na kukazwa kwa kanga. Katoka mazoezini, anasema. Ukimuuliza alifanya kwa nguvu kiasi gani, jibu ni moja: “Nesi, nililowa!” Maswali yafuatayo naulizwa karibu kila siku ya kliniki. Nayajibu kwa heshima, lakini nitafurahi siku yakiisha.

Swali: Mazoezi ya aerobiki ndiyo yapi?

Ni yale yanayotumia misuli mikubwa, hasa ya miguu, kwa mwendo usiokatika, mpaka moyo na mapafu vifanye kazi kuliko kawaida. Kutembea haraka, mchakamchaka, baiskeli, kucheza muziki, hata kulima. Nguvu ya mazoezi ni kiasi gani mwili wako unasukumwa: kidogo, wastani au kwa ukali. Anayeanza akiwa na uzito mkubwa tunamtaka kwenye wastani.

Swali: Nitajuaje kama uzito wangu umezidi?

Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Ukipata 25 na kuendelea, uzito umezidi. Ukipata 30 na kuendelea, huo ni unene wa kutibiwa. Mama wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.62 anapata 34.

Swali: Nisipotoka jasho, si nimepoteza muda wangu?

Hapana. Jasho ni njia ya mwili kujipoza, basi. Linategemea joto la siku, upepo, nguo ulizovaa na maumbile yako. Nenda Kyela mwezi wa Desemba ukae tu kwenye benchi ukisubiri gari, utalowa shati bila kuinua mguu. Rudi Uyole Julai alfajiri, tembea haraka nusu saa, na huenda ukafika nyumbani mkavu, kwa sababu hewa ni baridi na kavu na jasho linakauka kabla hujaliona. Kwa hiyo yule wa kwenye benchi Kyela ndiye aliyefanya mazoezi?

Hapo ndipo watu wetu wa nyanda za juu wanapopotea. Hawaoni jasho, wanadhani zoezi halijaingia, wanaongeza mbio na nguo. Jasho si kipimo.

Swali: Lakini nikifunga nailoni, mzani unashuka kilo nzima. Hayo si mafuta yameyeyuka?

Ni maji. Lita moja ya jasho ina uzito wa kilo moja hivi, na ukinywa maji jioni kilo yako inarudi. Mafuta hayayeyuki yakachuruzika kwenye ngozi kama ya nguruwe kwenye kikaango. Mwili unayachoma, na sehemu kubwa ya yaliyochomwa hutoka kwa pumzi, kama hewa ukaa. Unapohema ndipo yanapotoka.

Nailoni ina ubaya mwingine ambao watu hawaambiwi. Inazuia jasho kukauka, hivyo mwili unashindwa kujipoza. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke, kwa hiyo unakwenda mbio ilhali miguu haijaongeza kazi yoyote. Unajiona umefanya zoezi zito, kumbe umeupasha moyo tu. Ukiwa unatumia dawa za presha za kukojoza, tayari zinakupunguzia maji, na wewe unaongeza kuyakamua. Huyo ndiye anayekuja kwetu ameshikwa mikono na watu wawili, kizunguzungu, presha imeshuka.

Vua nailoni. Vaa nguo nyepesi, sweta moja ya kuanzia safari, na uifunge kiunoni ukishapata joto.

Swali: Sasa nijipime kwa kitu gani?

Kwa pumzi na mdomo wako. Hakuna cha kununua. Ukiwa kwenye mwendo, sema kwa sauti sentensi ndefu: jina lako, la baba, la babu, kijiji mlikotoka na mwaliko wa arusi ya Jumamosi. Ukiisema yote vizuri lakini unahema, na ukijaribu kuimba ubeti wa kwaya unakatika katikati, uko wastani. Hapo ndipo tunapotaka ukae.

Ukiimba ubeti mzima na kiitikio chake bila shida, unatembea kama mtu anayechagua nyanya sokoni Mwanjelwa. Ongeza mwendo. Ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu kisha unavuta hewa, umeingia kwenye ukali. Punguza. Sikusema ukae chini, nimesema punguza mpaka sentensi irudi.

Wanaotembea wawili wawili wana bahati, kwa sababu maongezi yenyewe ndiyo mashine. Mzee mmoja aliniambia yeye anajipima kwa salamu: akikutana na mtu njiani, asipoweza kumaliza “ugonile” na habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, anajua amezidisha. Salamu za Wanyakyusa zilivyo ndefu, sina neno.

Njia ya pili ni kujipa alama kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni kukaa kitini, kumi ni mwisho kabisa wa uwezo wako. Wastani ni 5 au 6, na 7 au 8 tayari ni ukali. Msingi wa kupima namna hii uliwekwa na Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, na mpaka leo unatumika hospitalini. Sharti ni ukweli. Wanaume hasa, ukimuuliza alama anasema tatu huku midomo imekauka na hawezi kutaja jina la mtaa wake.

Swali: Jirani yangu tunatembea naye mwendo uleule, yeye hata hahemi. Mimi ni mvivu?

Si uvivu. Lori lililojaa mbao na lori tupu yakipanda Kitonga kwa mwendo mmoja, injini ipi inafanya kazi kubwa? Mwenye kilo 100 anabeba kilo 100 kila hatua. Mwendo ambao kwa jirani ni matembezi, kwako unaweza kuwa zoezi kali. Ndiyo maana hatupimi kwa kasi ya mwenzako wala kwa kilometa alizomaliza. Tunapima kwa pumzi yako.

Na vilima vyetu mvihesabu. Kupanda kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, au kuelekea juu upande wa mlima Loleza hapa Mbeya, kunaweza kukutoa kwenye wastani ndani ya dakika chache bila kuongeza mwendo hata kidogo. Anza na tambarare. Ukifika kwenye mwinuko, fupisha hatua. Mgeni aliyetoka Dar juzi atahema zaidi siku za mwanzo, maana Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Swali: Nihesabu mapigo ya moyo? Nina saa janja.

Unaweza. Hesabu ya kawaida ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wako ni 220 ukitoa umri wako. Wa miaka 45 anapata 175, na wastani kwake ni kati ya asilimia 64 na 76 ya hapo, yaani mapigo 112 hadi 133 kwa dakika. Asiye na saa aweke vidole viwili, si gumba, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba mara tu anaposimama, ahesabu sekunde 15, azidishe kwa nne.

Ila hesabu hiyo ni ya makadirio, inaweza kupishana na ukweli kwa mapigo kumi na zaidi. Tena angalia pakiti za dawa zako. Kama imeandikwa atenolol, propranolol, carvedilol au bisoprolol, dawa hiyo inazuia mapigo yasipande. Utasukuma na kusukuma ufikie namba ya saa, na hutaifikia, utaanguka kwanza. Wewe tumia pumzi na maongezi. Na usiache dawa ili saa ifurahi.

Swali: Nina kisukari. Nikifika kama dakika ya ishirini jasho linanitoka sana, mpaka natetemeka. Si ndiyo zoezi limekolea?

Hapana, hapana! Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Ukiwa unachoma insulini au unakunywa glibenclamide, mazoezi yanaweza kushusha sukari kupita kiasi. Dalili zake ni jasho jingi la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Mtu aliyefundishwa kwamba jasho ni sifa anashangilia na kuongeza mbio, na aliyevaa nailoni hawezi hata kutofautisha, maana alishalowa tangu mwanzo. Kisha anaanguka, na waliomzunguka wanasema ni uchovu.

Simama. Kunywa vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, na dalili zikiwa bado zipo rudia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Usianze mazoezi hujala, beba sukari mfukoni, vaa raba zinazokuenea, na ukaguliwe dozi yako kliniki kabla ya kuongeza mazoezi. Jasho si kipimo, na kwako wewe linaweza kuwa kengele ya hatari.

Swali: Nikipanda kilima kifua kinabana, nikisimama kinaachia. Ni gesi, au stamina haijakaa?

Njoo hospitali leo. Kifua kinachobana kwa kazi na kuachia kwa kupumzika ni lugha ya moyo usiopata damu ya kutosha, mpaka vipimo viseme vinginevyo. Nimeshasikia majina yake yote: gesi, kichomi, vidonda vya tumbo, baridi imeingia. Watu wanakunywa dawa ya gesi miezi, wanafunga nailoni, wanarudi kilimani.

Kikibana usimalizie mzunguko. Simama, kaa. Kama hakijaachia ndani ya dakika chache, au maumivu yanakwenda mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, au jasho la baridi linakutoka ukiwa umekaa, tafuta bajaji, gari, chochote, uende hospitali saa hiyohiyo. Usiende nyumbani kuoga kwanza.

Swali: Wiki nzima nifanye dakika ngapi?

Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 za wastani kwa wiki, na zikifika 300 ni bora zaidi. Siku tano za nusu saa zinatosha kuanzia. Ukishindwa nusu saa mfululizo, kata vipande vya dakika kumi, vinahesabika vyote. Dakika tano za mwanzo na za mwisho nenda polepole. Chakula ni somo lake, lakini ukimaliza ukapitia chipsi mayai, usiniulize mzani.

Swali: Niongeze nguvu lini?

Mwendo uleule, njia ileile, ukiona sasa ubeti wa kwaya unatoka wote bila kukatika. Ongeza dakika kwanza, kwa wiki kadhaa, ndipo uongeze mwendo au kilima. Magoti yakivimba au yakiuma mpaka kesho yake, rudi nyuma hatua moja, na hapo baiskeli itakufaa kuliko mchakamchaka. Kama una presha, sukari, ugonjwa wa moyo, au umekaa miaka bila kutoka jasho wala kuhema kwa kazi yoyote, pitia kliniki upimwe kabla ya kuanza, na uje na pakiti za dawa zako zote, si kusema tu “zile nyeupe ndogo”.