Je, wajua kwa nini vipimo vya Lombroso havikumpata "mhalifu wa kuzaliwa"?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Cesare Lombroso, daktari wa Italia aliyedai kuwa baadhi ya watu huzaliwa wahalifu, alikuwa mtu wa kukisia tu. Nilimwona akilini ameketi mezani, anatazama picha ya mfungwa mwenye taya kubwa na kumhukumu papo hapo. Ndivyo nilivyomweleza mdogo wangu aliponiuliza kwa nini nadharia ile ilitupwa. "Hakupima," nilimwambia. Nilimpotosha, maana Lombroso alipima mno.

Habari yake huanzia kwenye fuvu moja, la Giuseppe Villella, mtu wa Calabria, kusini mwa Italia, aliyewahi kufungwa kwa wizi. Ndani ya fuvu la binadamu, upande wa kisogo, kwa kawaida kuna ukingo mwembamba wa mfupa ulioinuka. Katika fuvu la Villella, pale pa ukingo palikuwa na kishimo. Lombroso alijua kwamba kishimo cha namna hiyo huonekana kwa wanyama kadhaa, na kutokana na hilo akajenga hoja nzito: kwamba mhalifu ni mtu aliyerudishwa nyuma, mwenye mwili na silika za mababu wa kale kabisa. Mwaka 1876 alitoa kitabu chake, L'uomo delinquente, chenye orodha ndefu ya dalili: taya kubwa, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu, hata tatuu. Baadaye alipunguza madai, akakubali kwamba wahalifu wa kuzaliwa ni sehemu tu ya wahalifu wote.

Sasa turudi kwenye kosa langu, kwa sababu nimelisikia kwa wengi. Lombroso alikuwa daktari wa jeshi kabla ya kupata umaarufu, na huko alipima maelfu ya askari. Kisha akapima wafungwa, wagonjwa wa akili na mafuvu ya waliokufa. Wengine husema, "Sawa, alipima, lakini hakulinganisha na watu wa kawaida." Hilo nalo si sahihi. Alilinganisha, tena na askari haohao. Kasoro ilikuwa katika aina ya ulinganisho, na hapo ndipo panapohitaji subira.

Tuseme nimekwambia kuwa kati ya wafungwa 100, 20 wana masikio makubwa. Je, 20 ni wengi? Huwezi kujua mpaka uende sokoni, uhesabu masikio ya watu 100 wasiofungwa. Ukikuta 20 hukohuko, masikio hayajakwambia lolote kuhusu wizi. Kishimo cha Villella kina shida hiyohiyo: hupatikana pia kwa watu ambao hawajawahi kuiba hata sindano.

Lakini kuhesabu watu wengine hakutoshi, maana lazima pia ujue wamechaguliwaje. Chukua maembe. Kapu la kwanza limejazwa na mchuuzi aliyechagua makubwa, yasiyo na doa. La pili ni la maembe yaliyookotwa chini ya mwembe baada ya upepo. Ukiyapima utapata tofauti, na tofauti hiyo ni ya kweli kabisa. Ila imeletwa na mkono wa mchaguzi, wala haisemi kwamba kapu la pili limetoka kwenye mwembe mbaya. Jeshi huchagua: wafupi sana na wagonjwa hukataliwa mlangoni. Gereza nalo huchagua kwa namna yake, na katika Italia ya wakati ule waliojaa humo walikuwa maskini, wengi waliokula vibaya tangu utotoni. Ukiwaweka hawa kando ya askari, unapima umaskini na kuuita uhalifu.

Aliyelijaribu jambo hili kwa makini zaidi ni Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza. Alikusanya vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 na kuvilinganisha na vya askari, wagonjwa wa hospitali na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Matokeo yalichapishwa mwaka 1913, na aina ya mwili wa mhalifu aliyoieleza Lombroso haikuonekana. Kilichobaki ni kwamba wafungwa walikuwa wafupi kidogo na wenye uzito mdogo kidogo. Nasikitika kwamba Goring, baada ya kazi nzuri namna hiyo, aliichukua tofauti hiyo kuwa dalili ya udhaifu wa kurithi, na kuhusu akili za wafungwa alitegemea zaidi maoni kuliko mtihani. Mtoto aliyekosa chakula naye huwa mfupi.

Mtego ule ulirudi miaka 50 baadaye, safari hii ndani ya chembe za mwili. Mwaka 1965 watafiti wa Edinburgh walianza kutangaza matokeo kutoka hospitali yenye ulinzi mkali ya wagonjwa wa akili waliohesabiwa kuwa hatari, huko Carstairs, Scotland. Kati ya wagonjwa wanaume 315, tisa walikuwa na kromosomu Y (uzi wa urithi unaomfanya mtoto awe wa kiume) mbili badala ya moja. Katika watoto wa kiume wanaozaliwa, hali hiyo humpata takriban mmoja kati ya 1,000, kwa hiyo tisa ni wengi kweli. Magazeti yalidaka. Richard Speck, aliyewaua wanafunzi wanane wa uuguzi Chicago mwaka 1966, alitangazwa kuwa na Y ya ziada. Vipimo vilionyesha kwamba hakuwa nayo.

Mvuvi mwenye wavu wa matundu makubwa hapaswi kusema baharini hakuna dagaa. Waliotafuta Y ya pili ndani ya kuta za Carstairs hawangeweza kuwaona wanaume wenye hali hiyo waliokuwa nje, wakilima, wakifundisha, wakilea watoto.

Wavu wa matundu madogo ulitupwa Denmark, na matokeo yake yakatoka mwaka 1976. Watafiti walianza na wanaume waliozaliwa Copenhagen kati ya 1944 na 1947, wakawachukua warefu zaidi, kwa kuwa Y ya ziada huongeza kimo, wakapima kromosomu za 4,139. Waliopatikana na Y mbili ni 12. Watano kati yao walikuwa wamewahi kutiwa hatiani, sehemu kubwa kuliko kwa wanaume wa kawaida, ambao kati yao waliotiwa hatiani walikuwa takriban 9 kwa kila 100. Watu 12 ni wachache mno kubebeshwa nadharia nzima, na makosa ya hao watano kwa sehemu kubwa hayakuwa ya kumwaga damu, yalihusu mali. Saba waliobaki hawakuwa na kosa lolote katika kumbukumbu za mahakama.