Lang na lang: acheni kulazimisha undugu

Juzi nimetumiwa tena ile skrinshoti, sijui ni mara ya ngapi mwaka huu, eti Kijerumani kina lang, Kinorwe kina lang, Kitagalogi cha Ufilipino nacho kina lang, basi babu mmoja. Jamani!

Kijerumani na Kinorwe sibishi, kote ni "-refu", hata Kinorsi cha kale, babu wa Kinorwe, walikuwa nayo, langr. Kitagalogi sasa: lang ni lamang iliyofupishwa, maana yake "tu". Sandali lang, subiri kidogo tu. Isa lang, moja tu. Na tabia zake ni za "tu" yetu kabisa, inakaa nyuma ya neno lingine, haianzishi sentensi. Kuna mmoja akanijibu eti "refu" na "tu" vyote ni vipimo kwa hiyo maana zinakaribiana. Kwa hesabu hiyo paa la nyumba na paa wa porini mama mmoja, si wote wako juu, mwingine anaruka tu.

Kinachonikera ni hiki: watu wanadhani sisi wa isimu tunasaka maneno yanayofanana. Wapi! Tunasaka tofauti zinazojirudia. Siku, Mjerumani Tag, Mnorwe dag. Mlango, Tür na dør. Kunywa, trinken na drikke. Ndoto, Traum na drøm. T huku D kule, kila ukigeuka, huo ndio ushahidi, lang kufanana sura hakunipi chochote. Hebu kakitafutie Kitagalogi mpangilio kama huo na Kijerumani, utazeeka. Ndugu zake wako Malesia na hapo jirani Madagaska: tano kwa Mfilipino na Mmalei ni lima, Mmalagasi anasema dimy. Havifanani sana eeh? Na ni damu moja.

Ila niseme ukweli, hata kwa hao Wajerumani na Wanorwe kuna mtego. Karne ya 14 wafanyabiashara wa Hansa, ule umoja wa miji ya biashara ya Kijerumani, walijazana Bergen huko Norwe, Kijerumani chao cha kaskazini kikaacha betale (kulipa), snakke (kuongea), maneno kibao. Huo ni mkopo sio urithi, na lugha zikiwa jirani namna hii kutenganisha hivyo viwili kunanitoa jasho, vitabu vinachora mstari safi lakini mimi mezani kwangu siuoni.

Meza yenyewe je? Mfilipino anasema mesa, kakopa kwa Mhispania, sisi tukakopa kwa Mreno, chanzo Kilatini kilekile. Hiyo mbona hamnitumii skrinshoti?